Mgeni Asiyefika Siku ya Tatu

Watu wa pwani wana methali mbili kubwa juu ya mgeni, na katika mazungumzo ya riwaya wameizoea moja tu. Mgeni njoo, mwenyeji apone: kwa maneno hayo msimulizi wa kuja hupokewa darasani na barazani kama tabibu aliyebisha hodi na mkoba wa dawa begani. Husemwa kwamba yeye, kwa kuwa si wa hapo, huona ambayo wenyewe wameyazoea hata hawayaoni tena. Kwamba hana ukoo wa kuutetea wala shamba la kuligombea. Kwamba ugeni wake ndio uadilifu wake. Methali ya pili huachwa nje pamoja na viatu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Hoja ile ya kwanza imerudiwa mno hata imekuwa kama dua ya kufungulia kikao, na imestahili kupingwa. Msimulizi mgeni si tabibu. Aghalabu ni mpita njia ambaye nauli yake imelipwa na mtu, na anayemsimulia si mwenyeji wake bali ni yule aliyemlipia nauli, au jamaa zake yule. Anayetaka kumjua asimuulize ametoka wapi. Amuulize anazungumza na nani.

Mfano uliozoeleka ni Marlow. Katika Heart of Darkness ya Joseph Conrad, iliyotoka jaridani mwaka 1899 na kitabuni mwaka 1902, Marlow anahadithia safari ya mto wa Afrika akiwa amekaa juu ya chombo katika mto Thames. Wanaomsikiliza ni mkurugenzi wa makampuni, mwanasheria, mhasibu, na mtu mwingine asiyetajwa jina ambaye ndiye anayemletea msomaji hadithi yote. Hakuna Mkongo hata mmoja katika duara lile. Hakuna awezaye kumkatiza na kusema, hapana bwana, hapo umekosea. Ndiyo maana giza lake linatanda bila kizuizi: anayesimulia habari za nyumba ya jirani mbele ya wanawe mwenyewe hana hofu ya kusahihishwa.

Na hilo jicho jipya liliona nini? Conrad mwenyewe alifika Stanley Falls, mahali panapoitwa leo Kisangani, mwezi wa Septemba 1890. Miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 1887, Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, alikuwa amekubali kuwa wali wa mahali hapo kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Aliondoka kurudi Unguja mwaka uleule wa 1890, akaacha nyuma jamaa zake, mashamba, wafuasi na lugha ambayo haijatoka huko hadi leo. Katika riwaya iliyozaliwa na safari ile watu hao hawamo. Hapana kanzu, hapana adhana, hapana neno moja la Kiswahili lililosikika ukingoni. Riwaya hailazimiki kuwa sensa, hilo ni kweli. Mwandishi ana ruhusa ya kuacha. Lakini wanaomsifu mgeni kwa sababu ya macho yake wana wajibu wa kueleza ni macho ya namna gani haya yanayoruka mji mzima. Jibu halina fumbo. Hadithi ile ilihitaji mgeni mmoja tu. Wageni wawili katika giza moja wangeivuruga, kwa kuwa wa kwanza angemwonyesha wa pili sura yake.

Hayo yote pwani imeyapokea kwa furaha. Chinua Achebe alipotoa mhadhara wake kule Massachusetts mwaka 1975 na kumwita Conrad mbaguzi wa rangi waziwazi, wasomaji wengi wa Afrika Mashariki waliona kama mtu amewasemea. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alipotoa Paradise mwaka 1994, ikasemwa kwamba sasa jibu kamili limeandikwa: safari ya kuingia bara inasimuliwa upya, na mara hii hatutoki Ulaya kwa meli, tunatoka pwani kwa miguu. Mwaka 2021 ikaja Tuzo ya Nobeli. Mwaka 2022 riwaya hiyo ikarudi nyumbani kwa Kiswahili, ikiitwa Peponi, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyochapishwa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Shangwe ilikuwa halali. Ila ndani ya shangwe hiyo limefichwa jambo moja, na walioficha si Waingereza.

Apewe kitabu hicho msomaji wa Majengo, mjini Mpanda.

Mpanda haiko pwani ya kitu chochote. Bahari iko mbali upande wa mawio, na Ziwa Tanganyika liko ng'ambo ya milima na misitu upande wa machweo. Reli ya tawi kutoka Kaliua ilipelekwa huko zama za Waingereza kwa ajili ya madini ya risasi, na kwa miaka mingi treni ndiyo iliyokuwa mlango wa mji. Mkoa wenyewe wa Katavi ulizaliwa mwaka 2012, ukimegwa kutoka Rukwa, ukapewa jina ambalo kwa masimulizi ya Wabende ni la mzimu mwenye makao yake kwenye mkwaju kando ya ziwa dogo lililomo hifadhini. Majengo ni kata ya mji huo. Jina hilo liko Mombasa, liko Nairobi, liko Moshi. Wala halitaji ukoo, wala mti, wala mto. Linataja kitendo: watu walikuja, wakajenga. Mbende, Mkonongo, Mpimbwe, Mfipa, Muha na Msukuma wakikutana katika mji wa namna hiyo, kinachowaweka pamoja sokoni ni Kiswahili, na hawakukikopa kwa mtu wala hawadaiwi.

Msomaji huyo akifungua Peponi hamtambui kwanza Yusuf. Yusuf ni kijana wa watu wengine. Anachokitambua ni nchi inayopitwa. Msafara unaingia, ngoma na siwa mbele, mnyapara Mohammed Abdalla na fimbo yake, wapagazi na mizigo ya nguo na waya. Na pembeni mwa njia wamesimama watu wanaotazama, ambao wasafiri wanawataja kwa jina moja la jumla, la dharau. Msomaji wa Unguja au Lamu yumo ndani ya msafara, hata asipotaka. Ametoka nao pwani tangu ukurasa wa mwanzo. Msomaji wa Majengo yumo miongoni mwa wale wa pembeni. Bibi wa bibi yake angeweza kuwa ndiye aliyekatalia maji kisimani.

Nchi hiyo imesimuliwa sana na wapita njia. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley aliona njia ya kwenda Ujiji imefungwa na vita vya Mirambo, akazunguka kusini kupitia Ukonongo na Ukawendi, akaitia katika kitabu alichokitoa mwaka uliofuata. Ukonongo humo ni mbuga, wanyama wa kupiga risasi na machifu wa kuomba hongo. Mwaka 1879 Wabelgiji walijenga kituo Karema, ukingoni mwa ziwa, na mwaka 1885 wakawaachia Mapadre Weupe. Barua zilikwenda Ulaya. Na kabla ya hao wote, pamoja nao, na baada yao, ilipita misafara ya pwani, na habari zake zikarudi Bagamoyo na Unguja zikiwa na ladha ileile: huko kuna pembe, huko kuna watu, huko hakuna watu wa maana. Kuna ule msemo wa zumari likipigwa Unguja wakacheza walioko Maziwa Makuu, ambao bado husemwa visiwani kwa fahari kidogo. Haujulikani msemo wa kuwauliza wachezaji walipendelea wimbo gani.

Wahakiki wamekwisha kuonyesha kwamba Gurnah hakubuni safari yake hewani. Mwaka 1901 Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili mjini Berlin, alichapisha Safari za Wasuaheli, na humo imo habari ya Selemani bin Mwenye Chande, mtu wa pwani aliyekwenda bara na msafara na kukutana na mikasa mikubwa huko ziwani. Undugu wa habari ile na Peponi ni wa wazi. Ila Selemani anasema kwa nafsi yake mwenyewe: nilikwenda, niliona, tulinyang'anywa. Yeye ni msimulizi mgeni hasa, naye vilevile anasimulia kwa mtu aliyemtaka asimulie, na mtu huyo ni Mdachi mwenye kalamu, katika miaka ambayo Wadachi ndio wenye nchi. Atamlalamikia mtawala wa bara, na Mdachi atatikisa kichwa kwa kumwelewa. Ni haki kuongeza kwamba kitabu hichohicho kina Salim bin Abakari anayesimulia kwa Kiswahili safari yake ya Urusi na Siberia, na ni raha ya pekee kumwona Mswahili akiwa ndiye mgeni anayewatazama watu wa theluji. Raha hiyo, hata hivyo, haimsaidii kitu mtu wa Ukonongo.

Tippu Tip naye alisimulia maisha yake kwa maneno yake, yakachapishwa Berlin na Heinrich Brode. Ni Kiswahili kikavu, cha haraka, cha mtu aliyezoea kutii hesabu kuliko hisia; kama nathari hakina haja ya kuombewa radhi. Anaeleza jinsi alivyomshinda Nsama wa Itabwa, vita vya mwaka 1867. Mshindi anazungumza kutoka mwanzo hadi mwisho. Nsama yuko kitabuni kama vile mlango uliovunjwa ulivyo kitabuni.

Basi Gurnah alipoichukua mali hii alifanya jambo ambalo wanaomshangilia hawalitaji, na ndilo lililo kubwa kuliko yote: alimnyang'anya mgeni neno "mimi". Yusuf haisimulii Peponi. Ni kosa la kizembe, linalorudiwa hata na walimu, kumwita msimulizi. Hadithi inasimuliwa na sauti isiyo na jina inayokaa karibu naye, inayoona anayoyaona na kuota ndoto zake za mbwa, lakini haimpi kiti cha Marlow. Naye ni mgeni kila mahali. Ametolewa kwao Kawa akiwa na miaka kumi na miwili, rehani ya deni la baba yake, akapelekwa kwa tajiri Aziz ambaye amefundishwa kumwita ami. Na Khalil, aliye rehani kabla yake, hachoki kumsahihisha kwamba yule si ami yake. Ndiyo kusema nauli ya mgeni huyu imelipwa na deni, na riwaya haifichi risiti. Marlow anapata kazi yake kwa njia ya shangazi mwenye kujuana na wakubwa, kisha anajisahaulisha. Yusuf hawezi kujisahaulisha. Yeye mwenyewe ndiye malipo.

Halafu msafara unavuka ziwa, unafika kwa Chatu.

Hapa panastahili kusomwa polepole, mara mbili. Usiku watu wa Chatu wanauvamia msafara, mali inachukuliwa, mnyapara anapigwa. Katika kitabu cha Selemani, au cha mpita njia yeyote, hapo pangekuwa mahali pa kulia na kulaani. Peponi inafanya kinyume: inamwacha Chatu aseme. Anasema hakuwaita. Anamkumbusha tajiri kwamba mwenzao mmoja alikwisha kuja kabla yao akamdanganya, akaenda na mali. Kwamba watu wao hununua watu na kuwameza. Kwamba atakachokichukua ni fidia. Ni mashtaka kamili, na Aziz, kwa ustaarabu wake wote, hana jibu zaidi ya kusema kwamba deni la mtu mmoja si deni la mwingine. Msomaji aliyetoka naye pwani anaanza kuhesabu: je, huyu Chatu amesema uongo wapi?

Walakini maneno ya Chatu hayafiki moja kwa moja. Yanapitia kwa Nyundo, mkalimani wa msafara, ambaye wenziwe hawamwamini sana. Alichokisema Chatu kwa lugha yake hakimo kitabuni. Kilichomo ni alichokisema Nyundo kwamba Chatu amesema. Mhakiki mvivu ataliona hili kuwa pambo la uhalisia. Kwa msomaji wa Majengo ndipo kitabu kinapokiri mpaka wake: kimefika kwenye baraza ya mwenyeji, kimekaa, kimesikiliza, na kimekubali kwamba kuna chumba cha ndani ambacho hakikuingia. Marlow hakuwahi kukiri hivyo. Alipokosa kuelewa lugha ya watu wa ukingoni, aliita kelele.

Kisha anakuja Mzungu na askari wake, anamwamuru Chatu arudishe mali, na msafara unaokolewa. Hapo msomaji wa pwani huvuta pumzi. Na avute, lakini akumbuke ni nani aliyemwokoa, na kwamba kwa kuokolewa huko safari za namna ile zilikwisha. Katika kurasa chache wageni wawili ambao Conrad aliogopa kuwaweka pamoja wamewekwa pamoja, mbele ya mwenyeji, na kila mmoja amemwonyesha mwenziwe sura yake.

Patakuwa na wa kusema kwamba Gurnah naye ni mgeni: alitoka Unguja kijana wa miaka kumi na minane, akaishi Uingereza, akaandika kwa Kiingereza. Pingamizi hilo lina uzito, ila linaangukia upande mwingine. Kwa Kiingereza, msomaji wa pwani aliweza kuyasikia matusi ya wasafiri juu ya watu wa bara kama matusi ya Kiingereza, kitu kilicholetwa na meli. Kwa Kiswahili hana pa kujificha. Neno "mshenzi" halikutoka Thames. Lilisemwa Bagamoyo, Pangani na Mkunazini, na likasafiri na misafara kabla ya reli. Ndiyo sababu Peponi ya mwaka 2022 ni kitabu kikali kuliko Paradise ya mwaka 1994, ingawa kisa ni kilekile: sasa kinaweza kusomwa na Chatu. Miaka ishirini na minane ilipita kabla ya mwenyeji kupewa nafasi ya kuketi katika duara la wasikilizaji kwa lugha yake ya sokoni. Wale wanaoisoma tafsiri hiyo kama heshima kwa pwani peke yake wanamtoa tena.

Lingine linalosemwa ni kwamba hata mwenyeji hudanganya. Naam, hudanganya, tena kwa ustadi, kwa kuwa ana jamaa wa kuwaficha aibu. Lakini mwenyeji akidanganya atakutana kesho na aliyemsingizia, kisimani, msikitini, kilabuni, na ataulizwa. Wala haina maana kwamba aliyezaliwa mahali ndiye pekee mwenye haki ya kupasimulia. Karema iliishi na mgeni mmoja anayefaa kutajwa kila hoja hii inapozuka: Adrien Atiman, aliyezaliwa huko upande wa mto Niger, akauzwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomeshwa udaktari Malta, akafika ziwani mwishoni mwa miaka ya 1880. Aliwatibu watu wa Karema hadi alipofariki mwaka 1956. Habari ya maisha yake, kwa kauli yake mwenyewe, ilichapishwa mwaka 1946, alipokuwa amekwisha kukaa hapo zaidi ya nusu karne. Aliposema "huku kwetu" hapakuwa na wa kucheka. Mgeni njoo, mwenyeji apone: kwake yeye methali ya kwanza ilitimia neno kwa neno, na ilitimia kwa sababu ya pili ilitangulia.

Kandokando ya Mpanda jembe hilo si mfano wa maneno. Baada ya mauaji ya mwaka 1972 Warundi walikimbilia Tanzania, wakapelekwa Katumba, baadaye na Mishamo, wakapewa ardhi ya msitu wailime. Waliofika kwa miguu walikaa miaka arubaini. Mwaka 2014 zaidi ya watu 150,000 wa makazi hayo na ya Ulyankulu walianza kupokea vyeti vya uraia. Ikiwa ipo riwaya ya msimulizi mgeni inayostahili jina hilo, mtu wa namna hiyo ndiye mwenye haki ya kuianza, maana anajua mahindi ya pale yanahitaji mvua ngapi na anajua ni nani alimkataza kisima.

Yusuf hakufika huko. Bustanini kwa Aziz alishika maji na mti, karibu na Mzee Hamdani, na kwa muda ikaonekana kama ameanza kuota mizizi. Lakini bustani ni ya tajiri, na mwisho wa kitabu anaukimbilia msafara wa askari wa Kijerumani unaoondoka. Anapita njia tena, chini ya mlipaji mwingine. Wapwani huhuzunika naye katika ukurasa huo, na wana haki. Msomaji wa Majengo amebaki kurasa nyingi nyuma, ng'ambo ya ziwa. Msafara wa Aziz umekwisha kuondoka na mabaki ya mali yake, na hadithi imeondoka nao. Kwa Chatu kumeingia giza, Mzungu yuko mjini na bendera yake, na watu wametoka kuota moto. Usiku ule walisemaje juu ya wageni wao, na juu ya yule kijana mzuri wa pwani aliyekuwa akitazama kila kitu na kunyamaza?